Maji ya Bi Kijakazi

"Hivi Bi Shemsa, maiti akikuonesha kitu, wewe unamwambia nani?"

Mize ndiye aliyeuliza, siku moja ya jua kali, wanakoroga sabuni ya majivu na mafuta ya nazi uani kwake. Aliuliza kwa mzaha tu, mwiko mkononi, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Bi Shemsa akamjibu bila kuinua macho kwenye sufuria:

"Namwambia aliyeniumba, basi. Na wewe koroga, isigande."

Wakacheka wote wawili, yakapita.

Mwaka haujatimia tangu mzaha ule, na sasa Bi Shemsa amesimama katika chumba cha kuoshea maiti cha Chokaani, ameushika mkono wa Bi Kijakazi, na hacheki.

Vidole vilikuwa vimebabuka. Ngozi ya kiganja ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka, na chini ya kila ukucha mlikuwa na unga mweupe ulioganda. Bi Shemsa alikuwa ameosha wanawake wa kijiji hiki kwa miaka ishirini na miwili, tangu mumewe mwenyewe alipotangulia mbele ya haki. Anazijua alama za moto, za uzazi, za vipigo ambavyo waume walivikana. Zote alizifunika kwa shuka, akazifunika na kwa mdomo. Alama hii hakuwahi kuiona kwa maiti, lakini harufu yake aliijua. Nani asiyeijua klorini, dawa ya kung'arishia nguo iliyopigwa marufuku kisiwani?

"Mimina, mwanangu," alisema.

Mwanakheri, binti wa pekee wa marehemu, alikuwa upande wa pili wa ubao na kata mkononi, uso ameugeuza. Akamimina. Maji ya majani ya mkunazi yakapita kwenye vidole vya mama yake, yakateremka ubaoni, yakaingia mferejini.

Mferejini palikuwa na mwonjaji. Kila mfereji wa Chokaani unao, wa jikoni, wa bafuni, hata huu wa maiti. Ni kitu cha ukubwa wa kokwa ya embe, cha kioo, na ndani yake kinaishi kijinyama kimoja cha tumbawe kilichofugwa maabara kwa kazi moja tu, kuonja. Maji yakiwa salama, hukunjua vidole vyake kama ua, na taa inakuwa ya kijani. Yakiwa na sumu hujikunja, taa inageuka nyekundu, na lango dogo la mfereji linajifunga ili maji yaende kwenye shimo la mchanga yasifike baharini.

Tak! Lango likajifunga. Taa ikawa nyekundu.

Kata ikasimama hewani. "Nini hiyo, mama?"

"Mimina tu. Maji ya maiti hayana shahidi."

Ndivyo walivyokubaliana watu wa Chokaani siku waonjaji walipoletwa. Wazee walisema, mtu akifa maji yake yatataja kila dawa aliyokunywa na kila ugonjwa aliouficha, na hiyo ni aibu. Kwa hiyo mwonjaji wa chumba hiki akapewa mwosha, na mwosha akapewa amri ya kufuta kila alichoonja kabla ya siku tatu kwisha. Kidole gumba cha Bi Shemsa ndicho pekee kinachokubaliwa na kile kioo. Anabonyeza, kioo kinapiga mara tatu kama moyo, yamefutika. Siku zote alifuta kabla hajakausha mikono.

Siku ile alimaliza kumkafini Bi Kijakazi, wanaume wakaja na jeneza, wanawake wakabaki na kilio chao. Bi Shemsa akarudi chumbani peke yake. Akaweka kidole gumba kwenye kioo. Kikapiga mara moja. Kikapiga mara ya pili.

Akakiondoa kidole.

*

Asubuhi ya Jumatano, kabla hata hajala, alikwenda kwa Mize. Alimkuta uani amezungukwa na nguo za watu, kanzu na mashuka, anazikunja kwa hasira kama anazipiga.

"Karibu, Bi Shemsa. Umekuja kuniaga au kunizika?"

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Kesho baada ya alasiri msimamizi wetu Bwana Ussi atasoma lile karatasi lake la kutuhamisha, na Jumamosi boti ya bara inanisubiri mimi, mume wangu na watoto watatu. Bara! Kwenye yale mabanda ya watu ambao visiwa vyao vimezama. Wao walifukuzwa na bahari. Mimi nafukuzwa na majirani."

Ukutani kando ya mlango wake palikuwa na kigae. Kila nyumba ya Chokaani ina fungu lake la matumbawe la kutunza, na kila fungu lina waonjaji waliopandwa humo miambani, wanaotuma habari kwenye kigae cha mlangoni. Fungu likiwa na afya, kigae kinakuwa na rangi, kahawia, zambarau, manjano. Cha Mize kilikuwa cheupe kama yai.

Watu wa makamo wote wa pale waliukumbuka Mwaka wa Weupe. Tumbawe si jiwe, ni mnyama, na ndani ya mwili wake vinaishi vijimea vya kijani vinavyomlisha na kumpa rangi. Bahari ikipata joto sana, au ikitiwa sumu, anavitapika, anabaki mweupe na njaa, halafu anakufa. Mwaka ule mwamba mzima ulikuwa mweupe. Mawimbi yakakosa kizuizi, yakaingia mpaka msikitini. Ndiyo maana sheria ya sasa haina huruma: fungu likionja sumu katika bamvua tatu mfululizo, yale maji makuu ya kila nusu mwezi, nyumba yake inafungiwa maji na watu wake wanahamishwa.

"Mwonjaji wa mfereji wangu hajapata kuwa mwekundu," Mize alisema. "Hata siku moja. Wanasema nabeba kwa ndoo, naenda kumwaga mwenyewe. Nimwage kwenye fungu langu mwenyewe, Bi Shemsa! Mimi mwendawazimu? Tazama hii mikono. Miaka minne nafua kwa majivu, imekuwa kama gome la mnazi. Ningekuwa na klorini ningekuwa hivi?"

Bi Shemsa aliitazama ile mikono, akaona mingine.

"Maji yamekupwa," alisema. "Twende ukanioneshe."

Walitoka kwa njia ya kamba. Hakuna anayekanyaga mwamba ovyo Chokaani. Kuna kamba zilizofungwa kwenye vigingi juu ya mchanga mtupu, unapita hapo hapo, ndara mkononi, hata ukiona pweza anakuita kwa macho. Aliyewafundisha hayo ni Bi Kijakazi. Ndiye aliyepanda vitawi sabini vya kwanza baada ya Mwaka wa Weupe, kwa mikono yake, akivifunga kimoja kimoja kwa uzi wa mgomba. Ndiye aliyewakataza wageni kuingia majini na mafuta ya ngozi, akawakataza watoto kuokota makombe, akawakataza wavuvi kumgusa pono kwa sababu pono ndiye anayeula ukoga, yale majani ya utelezi yanayofunika tumbawe yakalikosesha pumzi. Kesho, baada ya shauri la Mize, palikuwa na jambo jingine la kusomwa: ufuko wote utaitwa kwa jina lake.

Fungu la Mize lilikuwa la kulia. Vitawi vyeupe vimesimama kama mifupa ya mikono inayoomba. Mize hakuvitazama. Alilitazama la jirani.

"Hebu ona la Bi Kijakazi lilivyo, maskini. Mpaka anakufa analitunza. Juzi Jumatatu nilimwona amechutama hapa, kikapu pembeni, nikamwita, hakunisikia. Alipotoka anakohoa, kifua kinambana. Alfajiri yake ndiyo tukasikia."

Bi Shemsa aliinama. Kila mahali kwenye ufuko ule palikuwa na ukoga mwaka huo, mwingi kuliko kawaida. Kwenye fungu la Bi Kijakazi hapakuwa hata na doa. Mwamba baina ya matumbawe ulikuwa mtupu, unang'aa kama sahani, na juu yake palikuwa na mistari, mistari iliyonyooka, iliyopitana, kama ya mtu anayesugua sakafu siku ya kuamkia Idi.

Akatumbukiza mkono majini. Maji ya kupwa yalikuwa yanavuta taratibu kuelekea kulia, yanawaacha nyuma waonjaji wa Bi Kijakazi, yanaingia fungu la Mize.

"Vipi?" Mize aliuliza. "Mbona umebadilika?"

"Mgongo tu," alisema Bi Shemsa, na papo hapo moyoni akaomba toba, maana mgongo haukuwa ukimuuma.

*

Siku ile hakutulia. Alifagia uwanja uliofagiliwa. Akaanika mpunga, akauanua, akauanika tena. Akasali adhuhuri na katika rakaa ya tatu hakujua kama ni ya tatu au ya nne, akairudia yote.

Alikuwa bado juu ya mkeka Mwanakheri alipobisha hodi, kaniki ya msiba begani, macho yamevimba.

"Mama Shemsa, umefuta?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Umefuta?"

"Bado."

Mwanakheri akakaa kwa kishindo, kama mtu aliyekatwa miguu. Kuku aliingia, akatoka.

"Ulijua?" Bi Shemsa aliuliza.

"Nilimletea mimi." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilipokwenda bara kwa wakwe. Akaniambia, Mwanakheri, niletee ile dawa, kopo moja tu, nataka kung'arisha sanda yangu. Unajua sanda yake ile, amekaa nayo sandukuni miaka kumi, imefanya manjano. Nikasema mtu mzima anataka kwenda kwa Mola wake na nguo nyeupe, kuna ubaya gani? Kumbe sanda hakuigusa. Wewe si umeiona? Ya manjano vile vile."

"Nimeiona."

"Ule ukoga ulikuwa unamkosesha usingizi, mama. Ulianza baada ya harusi yangu. Si unakumbuka? Wale pono?"

Bi Shemsa alikumbuka. Nani hakukumbuka? Samaki walikuwa haba, wageni wamejaa, na Bwana Ussi mwenyewe akasema siku moja tu si neno, harusi ya binti wa Bi Kijakazi haiwi kila mwaka. Wakavuliwa pono kikapu baada ya kikapu, wakakaangwa, wakaliwa na wali wa nazi. Bi Shemsa alikula wawili. Bi Kijakazi peke yake hakula, alikaa na sahani mapajani, akanyamaza kwa sababu ya furaha ya mwanawe.

"Alikuwa anakwenda kila bamvua na brashi yake ya kufulia," Mwanakheri aliendelea. "Ananiambia anakwenda kuling'oa lile chafu kwa mkono. Jumanne, nilipoona ile taa, ndipo nilipojua. Alidhani akipaka mwambani tu, tumbawe halitadhurika. Alidhani ni kama sakafu. Sasa kesho watampa ufuko mzima jina lake, na wewe unataka..." Akajifuta macho kwa kaniki. "Mama yangu asitolewe kaburini, nakuomba. Wewe ni mwosha. Ulishika Kitabu."

"Nilishika."

"Basi futa."

"Na Mize?"

"Mize ana nguvu, ana mume. Bara watu wanaishi. Mama yangu hana wa kumsemea."

Alipoondoka, Bi Shemsa akaenda kwenye kabati, akamtoa ndani ya kitambaa mwonjaji wa maiti, aliyemchomoa mferejini siku ile ya kuosha. Kijinyama kilikuwa bado kimejikunja, kinasubiri maji mapya. Kosa la maiti hufichwa, hilo alifundishwa, na anayelificha naye atafichiwa lake, na Bi Shemsa alikuwa na yake ya kufichiwa. Lakini alifundishwa na lingine. Dhambi ya mja na Mola wake, Mola akipenda anaisamehe. Haki ya mja kwa mja mwenziwe haisamehewi mpaka mwenyewe aliyedhulumiwa asamehe. Sasa Mize atasameheje asichokijua? Na Bi Kijakazi, mtu mwema kuliko wote, atalala vipi mle ndani ilhali nyumba ya mtu imevunjwa kwa mkono wake? Nikifuta, namfichia aibu duniani. Nikifuta, namwachia mzigo kaburini.

Aliweka kidole gumba kwenye kioo, akakiondoa. Akaweka, akakiondoa. Adhana ya alasiri ikamkuta hapo hapo.

*

Alhamisi madrasa ilijaa. Walimaliza kumsomea marehemu, wakagawa kahawa na halua, kisha Bwana Ussi, msimamizi wa ufuko, akavaa miwani. Alikuwa mtu wa makaratasi, mpole wa sauti, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kugombana naye.

"Tutaanza na zito, tumalize na jema," alisema. "Nyumba ya Mize binti Kombo. Sumu ya klorini, bamvua tatu. Mize, una neno?"

"Neno langu lile lile. Si mimi."

"Khaa!" Bi Time alidakia kutoka safu ya nyuma. "Na kanzu zako zinavyong'aa hivyo, ni majivu ya mti gani hayo? Tuletee na sisi."

"Ni jua na kusugua, Bi Time. Vitu viwili usivyovijua."

Watu wakacheka, kisha wakaona haya kucheka. Bwana Ussi akagonga meza kwa kalamu. "Kama hakuna shahidi..."

"Si Mize," Bi Shemsa alisema.

Hakuwa amepanga kusimama. Alijikuta amesimama, kikapu kifuani.

"Umejuaje, Bi Shemsa?"

"Nimejua. Naapa kwa aliyeniumba."

"Kiapo chako tunakiheshimu. Lakini mwonjaji hajui kiapo. Kama si yeye, ni nani?"

Bi Shemsa aligeuza uso kumtazama Mwanakheri, aliyekaa mbele kabisa na wafiwa. Akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeushikilia mlango wazi ili mwingine apite. Mwanakheri aliangalia mkeka. Alikuwa anachambua uzi wa ukili, mmoja, halafu mwingine.

Hakuna aliyepita mlangoni pale.

Basi Bi Shemsa akatia mkono kikapuni, akafungua kitambaa, akamweka mwonjaji juu ya meza ya Bwana Ussi. Taa nyekundu ilionekana hata kwenye mwanga wa mchana.

"Huyu ni wa wapi?" Bwana Ussi aliuliza, halafu akamjua, akavua miwani. "Hujafuta."

"Sijafuta."

Maiti aliyeoshwa wiki ile alikuwa mmoja tu. Bi Shemsa aliliona jambo lile linapita kutoka safu hadi safu, kama upepo unavyopita kwenye mpunga. Mtu akasema astaghfirullah. Bi Time akaziba mdomo kwa buibui.

"Tulikubaliana, Bi Shemsa! Maji ya maiti..."

"Najua tulivyokubaliana, nilikuwepo. Nisikilizeni, sitarudia. Alikuwa anasugua ukoga. Alidhani anasafisha. Kupwa ikamchukulia dawa yake mpaka kwa Mize, na yeye hakujua, na nadhani ndiyo iliyomla kifua. Na ule ukoga tulimletea sisi, siku tuliyokula pono. Mimi nilikula wawili. Bwana Ussi, wewe sikukuhesabia."

Bwana Ussi akaanza kuifuta miwani kwa pindo la kanzu.

Bi Shemsa akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa chumba cha kuoshea, akauweka kando ya mwonjaji. "Nimevunja nililoapa. Tafuteni mwosha mwingine." Akaikunja mikono kwapani, akabaki amesimama kwa sababu hakujua akae wapi.

Bwana Ussi akalishika lile karatasi, akalikunja mara mbili. "Nyumba ya Mize haiendi popote," alisema. "Kosa tuliliweka pasipo pake." Lile karatasi la pili, la jina la ufuko, lilikuwa mbele yake, na hakuligusa.

Hapo ndipo Mwanakheri alipojivuta kwa magoti juu ya mkeka, akapita mbele ya watu wote, mpaka akafika alipokaa Mize. Akamshika miguu.

"Dada Mize. Nilinyamaza, nihukumu mimi. Lakini mama usimshike. Yuko mle peke yake, siku yake ya tatu leo. Sema tu umemsamehe. Neno moja. Mbele ya watu hawa."

Madrasa nzima ikamgeukia Mize. Wale wale waliokuwa wanamtazama kama mwuaji, sasa walimtazama kama mtu mwenye maji kiangazi. Bi Time alikuwa anatikisa kichwa kumhimiza. "Sema, mwanangu," mtu mmoja alinong'ona, na mwingine, "Sema, upate thawabu." Bi Shemsa alikuwa ameomba jambo moja tu tangu jana alasiri, na sasa lilikuwa mdomoni mwa mtu mwingine.

Mize aliinamisha macho akaitazama mikono yake mwenyewe, ile ya majivu, iliyopasuka kwenye viungo. Akaigeuza juu, akaigeuza chini. Kisha akaushika mkono wa Mwanakheri, akauondoa mguuni pake taratibu, kidole kimoja kimoja, bila kuuumiza.

Akainuka. Akajifunga kanga kiunoni, akavuka magoti ya watu mmoja baada ya mwingine mpaka mlangoni, akatafuta ndara zake kwenye lile rundo, akazivaa, akatoka, na neno hakusema.